Kupiga Picha za Ndege Warefu wa Mto Athi

Msafiri ashikaye njia ya Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui hana budi kuvuka Mto Athi, ambao kwa masafa marefu huzitenga Makueni na Kitui, kisha hushuka hata baharini kwa jina la Sabaki. Mwezi wa Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi, maji hupungua na vidimbwi hubaki kando kando ya mchanga. Samaki wakibanwa humo, ndege warefu huwafuata, na mpenda picha naye yafaa awafuate.

Mkubwa wao ni koikoi mwenye kichwa na shingo za rangi ya hudhurungi. Kimo chake hufika kama mita 1.5, wala hakuna koikoi mwingine duniani ampitaye. Yuko pia korongo mweusi na mweupe mwenye mdomo mwekundu uliozungushwa ukanda mweusi, na juu yake kibao cha manjano mfano wa tandiko la farasi. Jike ana jicho la manjano, dume ana jicho jeusi. Kwa hiyo picha inayoonyesha jicho vizuri hutueleza mengi.

Ndege mrefu ataka picha ndefu: simamisha kamera wima. Fika asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, kwa maana jua la mchana huyachoma manyoya meupe ya yangeyange hata yasionekane ila kama karatasi. Mbele ya mdomo acha nafasi zaidi kuliko nyuma, ili atazamaye picha aone ndege anakotazama. Inama, kamera ikaribie usawa wa ndege. Lakini usilale ukingoni mwa maji, kwa kuwa Athi una mamba. Ndege akinyosha shingo na kuacha kuvua, umekwisha kumkaribia mno, rudi nyuma. Na penye viota usiende kabisa.

Juu ya hayo yote, usiikate miguu. Wengi huvutwa na mdomo na manyoya, wakaiacha miguu nje ya picha. Ndege huyo aweza kuwa wa bustani yo yote ya mjini. Bali miguu ikionekana, twajua kina cha maji, na twauona mchanga ulio chini yake.

Mchanga huo ndio ghala ya maji ya Ukamba. Mito mingi ya Kitui na Makueni hukauka juu, lakini maji hukaa ndani ya mchanga, nao watu huyachimbua kwa visima vifupi. Mchanga ukichukuliwa kwa malori kwenda kujengea majumba mijini, mto hubaki mwamba mtupu. Maji hayakai, samaki hawakai, wala ndege hana pa kusimama. Kwa sababu hiyo Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Basi, ndugu msomaji, upigapo picha, andika tarehe, jina la mto na mahali uliposimama. Mwaka ujao simama papo hapo mwezi ule ule. Picha mbili za namna hiyo, zenye ndege mzima na maji yafikayo magotini pake, ni ushahidi ambao mkulima na karani waweza kuuweka mezani mbele ya baraza.