Bwawa la Uani na Haki ya Ndege

Mwenye bwawa la samaki nyumbani ana majirani wa aina mbili: wanaobisha hodi, na wanaoshuka kutoka angani. Wa kwanza huridhika na kitoweo cha siku moja; wa pili hurejea kila alfajiri.

Bwawa letu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Tulilichimba, mimi na mume wangu, ili mapato ya perege yasaidie karo ya binti yetu wa pili. Perege aliyelishwa vyema huchukua miezi sita hadi minane kufikia uzani wa kuuzika. Kwa hiyo kila kifaranga anayemezwa leo ni pengo katika hesabu ya kesho. Msimu wa kwanza tulitia vifaranga 240, tukavuna samaki 97.

Nikaanza kuwachunguza wageni wetu. Korongo wa kijivu huja alfajiri na magharibi, akasimama kimya ukingoni, mahali penye kina kifupi, mpaka samaki amkaribie. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe huelea hewani akipiga mbawa, kisha hujitupa majini kama jiwe. Yeye hutafuta vifaranga. Mnandi huzama kabisa na kuwafukuza samaki chini kwa chini. Ama yangeyange wanaofuata ng'ombe, hao hutafuta panzi, na si haki kuwatia hatiani.

Nyumbani palizuka rai tatu. Mwanangu wa kiume alitaka manati. Jirani mmoja alishauri sumu. Mama mkwe alisema ndege naye ana riziki yake, tumwachie.

Sumu niliikataa papo hapo, kwani haichagui: itamfikia kuku, paka, na hatimaye sahani ya mtoto. Manati nayo tuliiweka kando. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa porini, nasi tumelelewa tukijua kwamba kiumbe asiyeweza kujitetea kwa maneno ana haki juu yetu hata anapotuudhi. Lakini karo nayo ni haki ya mtoto, wala haingengoja shibe ya korongo.

Tukaamua kuzuia pasipo kudhuru. Tulizichonga kingo ziwe wima, maji yakawa na kina cha mita moja tangu pembeni, ili korongo akose pa kusimama. Tuliizamisha mitungi iliyovunjika iwe maficho ya samaki. Vifaranga tuliwaweka kwanza ndani ya kizimba cha wavu laini mpaka wakapata mwili. Kisha tukalifunika bwawa zima kwa wavu wa uzi mnene, wenye macho madogo, tuliounganisha kutokana na nyavu kuukuu za wavuvi. Tuliukaza juu ya nguzo na kuushusha pande zote hadi chini, kwa kuwa wavu uliolegea hunasa mbawa.

Mama mkwe aliridhia kwa sharti moja: wavu ukaguliwe asubuhi na jioni. Sharti hilo lilikuwa na maana. Siku moja mdiria alinasa penye mshono uliofumuka. Aliyeukata uzi na kumwachilia ni yule yule mwanangu wa manati, na jioni hiyo hiyo akaketi na babake kuushona upya.

Msimu wa pili tulitia vifaranga 240 vilevile, tukavuna samaki 188. Karo ya muhula mmoja imelipwa. Ya mihula miwili bado tunaitafuta.

Basi, dada yangu unayekusudia kuchimba bwawa, tia gharama ya wavu katika hesabu yako siku ile ile unayotia bei ya vifaranga. Na umteue mapema mtu wa nyumbani atakayeukagua kila siku, kwani wavu usioangaliwa huwa mtego.