Mvua ya Jana

Nyuma ya nyumba yangu, juu kidogo ya Tengeru, kuna nguzo fupi ya mti iliyofungwa kipimamvua cha plastiki. Kila siku saa tatu asubuhi mimi, au mwanangu nikiwa na kipindi chuoni, husoma maji yalipofikia, huandika tarakimu daftarini, kisha humwaga maji yale kwenye mgomba. Hiyo ndiyo starehe yangu. Wenzangu wengine hucheza bao, wengine hufuatilia mpira. Mimi hupima mvua.

Nilianza mwaka 2009, mwaka wa ukame ule ulioua mifugo mingi Longido na Monduli. Jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa msimamizi wa mfereji wa kijiji, alisema kwamba mvua zimepungua tangu ujana wake. Mimi, kwa kiburi cha msomi, nikamwomba ushahidi. Akanijibu, "Mwalimu, ushahidi wangu ni mfereji. Wewe una nini?" Sikuwa na kitu. Wiki iliyofuata nikanunua kipimamvua.

Mlima Meru, wenye urefu wa mita zipatazo 4,566, humfundisha unyenyekevu mtu anayepima mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima upande wa kusini na mashariki, ndiyo maana migomba na kahawa hustawi Akeri na Nkoaranga. Zunguka hadi Oldonyo Sambu, upande wa pili, ukutane na vumbi. Umbali ni mfupi, lakini mvua ni mbili tofauti. Tarakimu ya kituo kimoja haiwezi kusimulia habari za kila bonde. Na tarakimu hizo si pambo: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya shamba la eka moja ni lita 80,000 hivi. Mkulima anayeijua hesabu hiyo anaweza kuamua kama afungulie mfereji leo au zamu yake amwachie jirani.

Mwaka 2018 alikuja kunisalimu binti mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani. Aliyaona madaftari yamepangwa juu ya kabati, akafungua mawili matatu, akauliza, "Mwalimu, haya yote yanamsaidia nani yakiwa humu?" Akapendekeza nifungue tovuti ndogo yangu binafsi: ukurasa mmoja wa maelezo, jedwali la kila mwezi, na picha ya kipimamvua ili watu wajue kimewekwa wapi. Akanieleza kwamba kuna anwani zinazoishia na me.tz, zilizotengwa kwa ajili ya watu binafsi. Nilifurahi, nikakubali. Alipoondoka, nikaogopa.

Msomaji aliyekuwa macho mwaka ule anajua sababu. Mwezi Machi zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikiwataka wenye blogu na majukwaa kujisajili na kulipa ada ambazo kwa pamoja zilifikia shilingi milioni 2.1. Mwezi Juni Jamii Forums ilizimwa kwa muda. Mwezi Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu kwa namna iliyomfanya mtu yeyote anayechapisha tarakimu ajiulize kama anahitaji kibali, na kama tarakimu zake zikitofautiana na za serikali atafanywaje. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuipa jukumu la kusimamia huduma zote za hali ya hewa nchini. Tazama basi mkosi wangu: nilitaka kuchapisha mtandaoni, nilichotaka kuchapisha ni takwimu, na takwimu zenyewe ni za mvua.

Sheria zile hazikubaki kama zilivyokuwa. Sheria ya Takwimu ilirekebishwa tena mwaka 2019 baada ya kelele nyingi za ndani na nje ya nchi. Kanuni za maudhui ziliandikwa upya mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakaielekeza leseni zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujifunga. Hapa ndipo ninapotaka kukiri jambo ambalo halinipendezi. Hakuna askari aliyekuja kwangu. Hakuna barua niliyoandikiwa. Hakuna afisa aliyenipigia simu. Mimi, ninayesimama mbele ya wanafunzi kuwahimiza wasiogope kufikiri, nilijiwekea kizuizi mwenyewe, nikajipa ulinzi wa zamu mwenyewe, kwa muda wa miaka mitano.

Miaka hiyo haikupita bure. Mchwa waliingia kabatini wakala madaftari mawili, la mwaka 2013 na la 2014. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea pamoja na daftari. Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya mzee wangu wa mfereji. Tulikuwa tumeahidiana kwamba siku moja tutakaa, mimi na tarakimu zangu, yeye na kumbukumbu zake: mwaka gani mfereji ulikauka, mwaka gani ulibomoa kingo, kijito gani kilikuwa na jina gani kabla hakijafa. Nilipanga mazungumzo yale yawe ukurasa wa kwanza wa tovuti. Kila aliponiuliza nilimwambia bado. Alifariki mwaka 2021, na kumbukumbu zake akaondoka nazo.

Baada ya masika ya mwaka 2023 nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa Arusha, nikiwa na daftari mkononi, nikauliza. Afisa aliyenipokea, kijana mwenye umri wa wanafunzi wangu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, uliwahi kutuuliza tukakukatalia?" Akanishauri niandike wazi kwamba hizi si taarifa rasmi, nieleze kifaa na mahali kilipo, na nisitabiri kitu chochote. Utabiri ni kazi ya Mamlaka. Mimi naruhusiwa kusema habari za mvua ya jana.

Kazi yenyewe ilichukua jioni mbili. Binti yule alinielekeza kwa simu. Ukurasa wa tovuti, nilikuja kugundua, ni faili la maandishi tu lenye alama chache za kuonyesha kichwa cha habari kiko wapi, aya inaanzia wapi, na jedwali lina safu ngapi. Teknolojia hii ilitolewa bure kwa dunia nzima na kituo cha CERN mwezi Aprili 1993, na mtu mwenye kompyuta kuukuu bado anaweza kuitumia bila kumlipa yeyote. Sikuweka picha zinazocheza wala matangazo, kwa sababu nilitaka mkulima wa Poli aufungue ukurasa kwa simu ndogo na bando la mwisho wa mwezi. Walioniuliza kwa nini nisiweke kwenye kundi la WhatsApp niliwajibu kwamba kule mimi ni mpangaji: ninachokiandika asubuhi kimezikwa jioni chini ya salamu na matangazo ya harusi. Hapa nina kiwanja changu, hata kama ni kidogo.

Katika jedwali, mistari ya mwaka 2013 na 2014 haina tarakimu. Nimeandika: daftari limeliwa na mchwa. Nilishawishika kuijaza kwa makisio, nikakumbuka ninachowafundisha wanafunzi.

Wasomaji wangu si wengi, lakini wana maana. Mwalimu wa sekondari anazitumia tarakimu zile kufundishia jiografia. Mama mmoja wa upande wa Ngaramtoni amenunua kipimamvua chake na hunitumia usomaji wake kila Jumapili, nami nimeanza kuiweka mvua yake kando ya yangu. Masika ya mwaka 2024, mafuriko yalipoua watu wengi nchini, Waziri Mkuu akiliambia Bunge kwamba waliokufa walikuwa wamefikia 155, nilisoma kipimamvua asubuhi kwa mkono unaotetemeka. Tarakimu zangu hazikumwokoa mtu, lakini zimebaki, na atakayepanga daraja au mtaro katika bonde letu hana haja ya kuanza na kichwa kitupu.

Wenyeji wa mlima huu hawakungoja kuandikiwa habari zao na wengine. Walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kueleza mbele ya Umoja wa Mataifa kilichotokea katika ardhi yao. Ardhi hawakurudishiwa papo hapo, lakini ushahidi wao uliandikwa kwa jina lao. Nikilinganisha safari ile na jioni zangu mbili mbele ya kompyuta, naona haya.

Kwa wanafunzi ninasema: anzeni na kile mnachokipenda na mnachokijua, kiwe ndege, ngoma au majina ya mitaa, mkiandike kwa Kiswahili mahali penye anwani yenu. Kwa wanaharakati: sheria yenye maneno mapana haihitaji polisi, maana wananchi hujipolisi wenyewe, kwa hiyo ipimeni pia kwa yale ambayo watu waliacha kuyaandika. Kwa watumishi wa umma: kijana yule alinijibu kwa dakika kumi, na dakika zile zilifungua kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mitano. Wekeni majibu kama yale ubaoni, nje ya mlango, ili mwoga kama mimi ayasome kabla hajageuza njia kurudi nyumbani.