Karatasi ya Pili

Nilifundisha Simanjiro, jirani na machimbo ya Mererani, miaka kumi na tisa, na kila mwaka tanzanaiti iliniondolea wanafunzi. Mvulana mwembamba huko huitwa nyoka, kwa kuwa hupenya shimoni pasipopita mtu mzima. Akirudi darasani husinzia juu ya daftari. Mimi niliwafuta kwenye rejista kwa wino mwekundu: watoro.

Nilipopelekwa Japani katika ziara ya kubadilishana walimu, nilipangiwa Tagawa, mji wa makaa ya mawe wa zamani kisiwani Kyushu. Shuleni niliona mengi mazuri. Watoto hupiga deki korido wenyewe, na mwalimu mkuu huonja chakula cha mchana kabla yao. Lakini kilichonibadilisha kilikuwa nje ya shule.

Dohani mbili za matofali za mwaka 1908, ndefu kupita meta 45, zingali zimesimama. Mgodi wenyewe ulifungwa 1964, mafuta yalipoyashinda makaa. Chini ya dohani hizo, mwenyeji wangu, mwalimu wa darasa la sita, alinifundisha Tanko Bushi, ngoma ya wachimbaji ambayo Wajapani huicheza kila kiangazi: chimba, chimba, beba begani, sukuma kigari. Mwili wake uliijua kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

Kisha tukaingia makumbusho kuona picha za mchimbaji mmoja. Yamamoto Sakubei, aliyezaliwa 1892, alishuka mgodini na wazazi wake angali mtoto, akafanya kazi ya makaa karibu miaka 50. Alipokwisha kupita miaka 60, akiwa mlinzi wa usiku, alianza kuchora ili wajukuu wake wajue. Pembeni mwa kila picha akajaza maelezo: zana iliitwaje, ilishikwaje. Mwaka 2011 UNESCO iliziingiza kazi zake katika Kumbukumbu ya Dunia, za kwanza kutoka Japani.

Picha moja ilinishika miguu. Mama anashuka shimoni, na mwanawe mdogo anamfuata, amebeba kitoto kingine mgongoni. Watoto kama yeye, mwenyeji akanieleza, walikosa shule ili walee wadogo zao wakati mama anavuta makaa. Nilimkumbuka kijana niliyemfuta muhula uliotangulia. Alijua giza, kamba na hewa nzito kuliko mwalimu yeyote wilayani, na sikuwahi kumuuliza neno.

Niliporudi nilimfuata kwao, nikazungumza na mama yake, nikalirudisha jina lake kwenye rejista. Nikampa karatasi na penseli za rangi nilizonunua Tagawa.

"Mwalimu, niandike na majina ya vitu?"

"Andika yote, mwanangu."

Alianzia juu, kwenye mdomo wa shimo, akashuka taratibu: kamba, ngazi, tochi ya kichwani, mahali pa kupumzikia. Vipindi viwili vikapita. Karatasi ikaisha kabla hajafika chini. Nikampa ya pili, tukaziunga kwa gundi.