Nani Anazungumza Kwenye Skrini?

Haya wasomaji, leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie maandishi. Kila programu ina maandishi: vitufe, maonyo, ujumbe unaofika kwenye simu. Na kila andiko lina msemaji. Je, msemaji huyo anabaki yuleyule kutoka skrini ya kwanza hadi ya mwisho?

Kiingereza kinaweza kulikwepa swali hili. Neno "sent" halisemi nani katuma. Kiswahili hakikupi mwanya huo: nimetuma, umetuma, ametuma. Nafsi imo ndani ya kitenzi. Ukikimbilia "imetumwa", umemficha mtumaji, na msomaji ataanza kumtafuta.

Mnadhani ni mambo madogo? Kuna chama kimoja cha akina mama mtaani kwetu kilichokuwa kikitumia programu ya kuweka hesabu za akiba. Siku moja mwanachama mmoja alitoa shilingi 5,000. Programu ikawatumia wanachama wote 18 ujumbe uleule: "Umetoa Sh 5,000." Kila mmoja akaamini ameibiwa. Mweka hazina, mama wa watu, alishinda mchana kutwa akijitetea, ilhali hesabu zake zilikuwa sawa hadi senti ya mwisho. Wanachama wawili walijitoa hata baada ya mambo kueleweka.

Pesa zilihesabiwa vizuri kabisa. Kilichokosewa ni nafsi: kwa mtu mmoja ni "umetoa", kwa wale wengine 17 ni "ametoa", pamoja na jina la aliyetoa. Tofauti ni herufi moja.

Hata wakubwa wamehangaika na jambo hili. Windows 95 ilikuja na "My Computer", yaani Kompyuta Yangu, kana kwamba mtumiaji mwenyewe ndiye anayesema. Lakini ukitaka kufuta faili, kompyuta hiyohiyo inakuuliza kama wewe una uhakika. Mwaka 2007, Windows Vista iliposambazwa, "My" ikaondolewa, ikabaki "Computer" tu.

Mimi nafuata kanuni hizi:

1. Anayesoma ni "wewe" daima. Akaunti yako, salio lako.
2. Mtu mwingine ni "yeye", na atajwe kwa jina.
3. Programu haijiiti "mimi". Kama kuna watu nyuma yake wanaojibu, hao ndio "sisi".
4. Kitufe ni sauti ya mtumiaji. Hapa kuna mtego: "Andika jina lako" ni programu inayomwagiza mtu, lakini "Tuma" ni mtu anayeiagiza programu. Umbo la kitenzi ni lilelile, wasemaji ni wawili. Basi agizo la kumwelekeza mtu lisiwekwe kamwe juu ya kitufe.

Kanuni hizi zinafaa hata tunapoandika maelezo ya kawaida. Someni hii: "Kwanza unafungua faili, kisha mtumiaji anaandika jina, halafu tunahifadhi." Kazi ni ya mtu mmoja, lakini sentensi imeita watatu! Anayejifunza ataishia kujiuliza yeye ni yupi kati yao.

Kama una programu ya Kiswahili, yakusanye maandishi yake yote kwenye faili moja, kisha uyasome kwa sauti kuanzia juu hadi chini. Kwenye kila mstari jiulize: nani anasema, na anamwambia nani? Mstari usiojibu, uandike upya kabla haujafika kwenye simu ya mtu.