Likizo kwa bibi Muscat: samaki wa asubuhi, kahawa ya jioni

Saa 12:30 asubuhi, jua halijachomoza juu ya milima ya Muscat, bibi wa miaka 74 anagonga mlango wa chumba cha wageni.

"Haya inukeni, babu zangu. Samaki hawamngoji mlalaji."

Wajukuu wawili kutoka Temeke, Dar es Salaam, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa 6, wanajikokota kutafuta kandambili. Kwao saa hizi ni 11:30 tu, kwa kuwa Oman iko mbele kwa saa moja. Mama yao ameshaamka. Yuko jikoni anaweka chai kwenye chupa, kwa sababu Mamkubwa hatoki nyumbani bila chai yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi ya pili ya likizo yao ya Januari. Walikuwa wamepanga kuona mji. Waliona pia, lakini walichorudi nacho Temeke hakimo katika orodha ya vivutio.

Simu ilikuwa haitoshi

Bibi huyu si mama mzazi wa mgeni wake. Ni dada mkubwa wa marehemu mama yake. Dada hao walizaliwa Unguja. Mdogo aliolewa Dar es Salaam, mkubwa akaolewa na kumfuata mumewe Muscat mwaka 1975. Tangu hapo walionana mara chache, kwenye harusi na kwenye misiba, na miaka 11 ya mwisho hawakuonana kabisa. Magoti ya mkubwa yaliacha kukubali safari, na nauli ya mdogo haikupatikana.

Walizungumza kwa simu karibu kila Ijumaa. Lakini simu za namna hiyo kila mzazi anazijua: hamjambo, watoto hawajambo, mvua imenyesha, haya basi salimia. Miaka miwili iliyopita mdogo alifariki. Dada yake alipewa habari kwa simu ileile.

Baada ya arobaini, binti wa marehemu alianza kuweka fedha kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwake. Aliwaambia wenzake kwamba mama yake alikuwa akisema kila mwaka, "mwakani nakwenda kwa dada," na yeye hataki kurithi neno hilo.

Familia za namna hii ni nyingi pande zote mbili za bahari. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830, na watu wa Oman na wa pwani wakaoleana kwa vizazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka visiwani. Tangu Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, Waomani wengi wenye asili ya Afrika Mashariki walirudi Oman, na Kiswahili wakakibeba mdomoni. Mpaka leo ukipita madukani Muscat unaweza kusikia mtu akimwita mwenziwe kwa Kiswahili cha Unguja.

Samaki wa Mutrah

Soko la samaki liko Mutrah, mwanzoni mwa barabara ya ufukweni inayoitwa Corniche. Jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2017, jeupe, na paa lake limefanywa kama mawimbi. Ndani ni soko kama lilivyo soko la Feri: jodari wamelazwa, nguru wanang'aa, wauzaji wanaita wateja.

Bibi hanunui kwa macho. Anafunua shavu la samaki atazame wekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole, ananusa. Kisha anamwambia mjukuu wa miaka 9 afanye vilevile. Binti anaona haya kidogo mbele ya wauzaji, lakini anabonyeza. "Huyu?" anauliza bibi. "Laini sana," anajibu. "Basi twende mbele."

Wakipata nguru wanampeleka upande wa wakataji, ambako kwa malipo madogo samaki anapaliwa magamba na kukatwa vipande. Mtoto wa miaka 6 anakabidhiwa noti ya baisa 100 iwe yake. Rial moja ina baisa 1,000, na ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo mama yake alishaacha kupiga hesabu ya shilingi kila anapoona bei. Mtoto hana hesabu hizo. Anaikunja noti yake na kuibana kiganjani mpaka nyumbani.

Nje wanakaa ukutani kunywa chai. Majahazi yametulia ghubani, shakwe wanapiga kelele juu ya vichwa, na kwenye kilima cha Riyam kunaonekana chetezo kikubwa cheupe kuliko nyumba.

"Bibi, nani anafukiza pale?"

"Majini," anasema bibi bila kucheka. Mtoto anasogea karibu na mama yake.

Mbuzi ya mwaka 1975

Mchana Muscat hutulia. Maduka mengi ya sokoni hufungwa kuanzia adhuhuri hadi saa 10 jioni, na watu huenda kula na kulala. Kwa mzazi aliyezoea foleni za Dar es Salaam, hiyo peke yake ni likizo.

Nyumbani kwa bibi wanakaa pia mwanawe, mkewe na watoto wao wawili. Mke huyo anatoka Nizwa, mji wa bara ya Oman, na hajui Kiswahili. Kwa hiyo watoto wake wanaongea Kiarabu na mama yao na Kiingereza shuleni. Kiswahili wanakisikia kwa bibi, wanakielewa, lakini wakijibu wanajibu kwa Kiarabu. Siku ya kwanza watoto wanne walikaa wakitazamana kwenye zulia, kila mmoja na simu ya mzazi wake mkononi.

Siku ya tatu bibi alitoa kitu chini ya kabati la jikoni: mbuzi ya kukunia nazi, aliyoifungasha ndani ya sanduku alipoondoka Unguja. Mkwewe hutumia tui la unga, na halaumiwi, ni rahisi. Lakini bibi alitaka samaki wa nazi, na magoti yake hayamruhusu tena kukaa chini.

"Nani ataweza?"

Mjukuu wa Muscat, mvulana wa miaka 10, alikuwa siku zote akidhani ni kigoda kilichovunjika. Binti wa Temeke alikaa, akaanza kukuna. Mvulana akamtaka ampishe. Chicha likaruka mpaka kwenye friji. Wote wakacheka, na bibi akacheka zaidi.

"Hivyohivyo alivyokuwa bibi yako," alimwambia binti. "Mdogo wangu alikuwa hajui kukuna. Anakwaruza mpaka kifuu, tui linatoka na vumbi. Mama akimpiga kofi la mgongo, anakimbilia nyuma yangu."

Mama yao alikuwa anaosha mchele. Alisimama na bakuli mkononi. Katika miaka yote aliyoishi na mama yake hakuwahi kusikia hadithi hiyo. Alimjua mama aliyepika nazi vizuri kuliko wanawake wote wa mtaa. Mtoto anayekimbilia mgongoni kwa dada yake alimsikia kwa mara ya kwanza jikoni Muscat.

Tangu siku hiyo nazi ilikunwa kila siku, ihitajike isihitajike. Mikono ikiwa na kazi, bibi alizungumza. Aliuliza pia yale aliyoshindwa kuyauliza kwenye simu: siku za mwisho zilikuwaje, alikula nini, aliita jina la nani. Mpwa wake alimjibu huku akichambua mchele, bila kuharakisha, na hakuna aliyehofia salio kuisha.

Jioni na Ijumaa

Jioni ndiyo saa ya Muscat. Januari joto ni nyuzi 20 na kitu, hewa ya bahari imepoa, na watoto wa Dar es Salaam wakaomba masweta. Familia nzima inaingia kwenye gari. Wanasimama mbele ya kibanda cha chai ya maziwa, mwanawe bibi anapiga honi mara moja, na kijana anatoka mbio kuchukua oda. Mtoto wa miaka 6 aliona huo ndio uvumbuzi mkubwa wa Waarabu. Siku iliyofuata alijaribu kupiga honi mwenyewe.

Wanatembea Corniche, wanaingia soko la Mutrah lenye vichochoro vya ubani, vitambaa na kofia za kudariziwa, ambazo mtu wa Zanzibar akiziona anadhani zimetoka Darajani. Wakirudi wananunua nyama za kuchoma kando ya barabara. Huko huziita mishkak, na mtoto aliyelelewa kwa mishkaki haitaji mkalimani.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko. Ijumaa baada ya sala, ndugu wanakuja. Sinia kubwa la wali linawekwa chini, watu wanalizunguka. Kisha tende, halwa na kahawa yenye iliki katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mama wa Temeke alimaliza kikombe cha nne kwa shida, na wa tano ukamiminwa. Wifi yake wa Nizwa ndiye aliyemwokoa. Alichukua kikombe chake kitupu, akakitikisa kidogo kwa vidole na kumwonyesha: hivi ndivyo mtu anavyosema imetosha. Hawakuwa na lugha moja, lakini baada ya hapo walipika pamoja kila siku.

Kwa mzazi anayepanga safari

Kwa mzazi mwenye ndugu wa namna hii, yako mambo machache ya kuangalia.

Kwanza ni majira. Novemba hadi Machi ndiyo miezi mizuri. Kuanzia Mei joto linaweza kupita nyuzi 40, na mtoto atashinda ndani. Ulizia masharti ya viza mapema kabla ya kulipa nauli.

Pili, kubalianeni siku. Familia hii ilisema wiki mbili tangu mwanzo na ikaondoka siku ya 14. Mgeni anayejulikana siku yake ya kuondoka huliwa naye kwa raha. Mama alinunua samaki mara mbili kwa fedha zake, ingawa bibi alinung'unika.

Tatu, zawadi. Karafuu, mdalasini na pilipili manga, vikavu na vilivyofungwa vizuri, vilipokelewa kama dhahabu. Watoto wabebe nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, kwa sokoni na kwa kutembelea wazee.

Nne, na hili ndilo kubwa, usijaze ratiba. Familia hii iliutembelea Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, na watoto walisimama midomo wazi chini ya taa yake kubwa ya kuning'inia. Lakini walikuwa na siku nyingi zisizo na mpango wowote. Mzee hasimulii akiwa anasubiriwa kwenye gari. Husimulia akiwa anachambua mchele.

Siku mbili kabla ya safari, binti wa miaka 9 alichukua daftari la shule na kumwomba bibi amtajie watu wote. Bibi alianza kwa wazazi wake, akaenda nyuma vizazi vinne, kisha akashuka kwa waliobaki Unguja, waliokwenda Pemba, waliofia baharini. Mvulana wa Muscat alikaa kando yao. Kila jina lilipotajwa alilirudia kwa sauti ndogo, na alipofika kwa babu mmoja mwenye jina kama lake aliomba liandikwe kwa Kiarabu pia. Akaliandika mwenyewe.

Uwanja wa ndege hakuna aliyesema "mwakani". Bibi aliwashika watoto vichwa mmoja mmoja na kuwaombea dua. Mama yao akamwambia, "Mamkubwa, kikoba kinaanza tena Machi." Bibi akaitikia kwa kichwa.

Wiki tatu baadaye simu ya Temeke iliingiza ujumbe wa sauti. Haukutoka kwa bibi. Ilikuwa sauti ya mvulana, akisitasita, akitafuta maneno: "Dada, leo mimi nimekuna nazi. Mbili. Bibi anasema… bibi anasema mbaya."

Nyuma yake alisikika bibi akimsahihisha: "Anasema amekuna vibaya. Sema tena." Naye akasema tena.