Maji ya Vuguvugu na Kopo la Udongo



Sisi watu wa pwani tulioletwa bara na riziki tumezoea kuilaumu baridi ya Machakos kwa kila jambo. Mji huu uko takriban mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa Julai mawingu huvilalia vilima vya Iveti hata adhuhuri. Kwa hivyo hita ya jua iliyoko juu ya paa letu ilipoanza kutoa maji ya vuguvugu, nilisema ni mawingu. Mke wangu aliponiambia mara ya pili, nikamjibu angoje Septemba.

Hita yenyewe ni ya aina iliyoenea siku hizi: paneli ya kioo inayopokea jua, na juu yake tangi la lita 200. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda tangini yenyewe bila ya pampu. Ndani ya tangi mna koili ya umeme ya kusaidia siku ambazo jua limekosekana. Hapo ndipo hoja yangu ilipokuwa na tundu, nami sikuliona. Mawingu yangeweza kuidhoofisha paneli, lakini koili ina habari gani na mawingu?

Mwezi huohuo nilitoa darsa juu ya fadhila za kuutimiza udhu wakati wa mashaka, kama ilivyokuja katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim. Mama yangu mzazi, aliyepita miaka 80, na aliyekuja kwetu kutoka Mombasa kwa matibabu ya goti, alikuwa upande wa wanawake akisikiliza.

Alfajiri moja niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikapita mbele ya chumba chake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa ameketi kitandani, mbele yake kopo la biskuti lenye udongo mkavu, akipiga viganja na kujipangusa uso. Mjukuu wake ndiye aliyemletea udongo ule kutoka chini ya mwembe.

"Mama, unatayamamu na maji yamo nyumbani?"

"Maji yenu yananiingia mifupani, mwanangu. Na jiko lenu la gesi naliogopa. Sikutaka kumwamsha mkeo usiku."

Nikakumbuka kwamba kila siku, jua likishapanda, nilikuwa nikimwona akisali rakaa mbili, nami nikidhani ni Dhuha. Kumbe alikuwa akiirudia Alfajiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli yenye nguvu, mkaazi wa mji anayetayamamu kwa sababu ya baridi hutakiwa airudie sala yake, na yeye aliyesoma chuoni utotoni hakuisahau hukumu hiyo. Alikuwa akiihifadhi ibada yake kwa taabu, na mwanawe shekhe yuko chumba cha pili akiwausia watu subira.

Siku hiyohiyo nilimwita fundi. Alianza na mambo ambayo hata mimi ningeweza kuyafanya. Aliangalia kama bomba lolote la kuchanganyia maji limeachwa vibaya, kwani maji baridi huweza kuvuka upande wa moto pasi na mtu kujua. Halikuwapo tatizo hapo. Akapangusa kioo cha paneli, na vumbi lililotoka ni la kutia haya. Kisha akazima umeme kwenye swichi kuu (hili akina mama mlishike, asiguse mtu koili wala nyaya kabla ya hapo), akamwaga maji ya tangi, akaifungua koili.

Mnaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai? Koili yetu ilikuwa imevikwa ukoko huo kwa unene wa kidole cha mwisho. Maji yetu ni ya kisima kirefu, yana madini mengi, na yakipata moto huyaacha madini hayo juu ya chuma. Joto lilikuwa likifungika ndani ya ukoko. Kidhibiti joto kilicho ubavuni mwa koili kilihisi joto hilo, kikadhani maji yote yameshapata moto, kikakata umeme mapema, ilhali tangi zima ni vuguvugu. Fundi alisema ukoko mwepesi hulainika kwa siki. Wetu ulikuwa umeshapita hapo, tukanunua koili mpya.

Alikuta pia kwamba waya wa ardhi haukuungwa. Nilikaa kimya alipolisema hilo. Wanangu wameoga kwa maji hayo miaka mitatu.

Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu. Nami nilikuwa naingoja Septemba.

Jioni nilimshika mkono mama hadi bafuni, nikamfungulia bomba. Akagusa maji, akautoa mkono, akaniangalia kama anayemtahini mwanafunzi. "Na maji ya kuchomwa na jua si makuruhu?"

Ni kweli, vitabu tulivyosoma chuoni vimelitaja jambo hilo. Nikamweleza kwamba walioliona makuruhu waliliwekea masharti, miongoni mwake nchi iwe ya joto kali mfano wa Hijazi, na kwamba Imamu Nawawi alichagua kauli ya kutokuwapo ukaruhu. Machakos ya Julai haimo.

"Haimo kabisa," akasema, akakunja mikono ya kanzu yake.

Kopo la udongo amekataa lisimwagwe. Anasema umeme wa Machakos hukatika.