Jalada na Ujira Wake

Miongoni mwa kazi ambazo watu huzisifu kwa ulimi na kuzinyima kwa mfuko, kazi ya kuchora ni mojawapo. Mtu atasimama mbele ya picha, atatikisa kichwa, atasema kuwa mkono ulioichora umebarikiwa. Kisha akitajiwa bei yake atashangaa kama aliyetajiwa bei ya mvua. Hudhani kuwa kipaji hakili, hakivai wala hakilipi kodi ya chumba. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Naandika haya kwa kuwa nilitenda kosa, na kosa lenyewe nililitenda kwa maneno mazuri na tabasamu, kwa hiyo nilikawia sana kulitambua.

Mwaka 2021 nilikamilisha mkusanyo wa insha nilizoziandika kwa muda wa miaka kumi. Nikaazimia kuupiga chapa kwa gharama yangu mwenyewe, nakala 500. Mpiga chapa alinitajia bei yake, nami nikamlipa nusu siku ile ile, maana alikataa kununua karatasi kabla ya kupokea kitu. Mtu aliyesahihisha miswada alipata ujira wake. Hata kijana aliyevipakia vitabu garini hakuondoka mikono mitupu. Kazi moja tu sikuitengea fedha, nayo ni jalada. Kwa jalada nilimkumbuka binti mmoja niliyemfundisha fasihi. Baada ya kuhitimu hakupata ajira ya ualimu. Akajifunza mwenyewe usanifu wa michoro kwa kompyuta, na sasa alikuwa akijitegemea kwa kazi hiyo katika chumba kimoja alichopanga Sinza, Dar es Salaam. Nilimpigia simu. Alifurahi, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Nina kijikazi kidogo."

Neno hilo, kijikazi kidogo, sasa nalijua vizuri. Ni neno la mtu anayepunguza ukubwa wa kazi kabla haijaanza, ili mwishoni asiulizwe ukubwa wa malipo. Sikutaja bei, na yeye hakuiuliza.

Alizisoma insha zangu zote, jambo ambalo baadhi ya wenzangu walionisifu hawakulifanya. Akaleta michoro mitatu nichague mmoja. Nilichagua ule wa jahazi, kisha nikaurudisha mara saba. Mara rangi haikunipendeza. Mara jina langu lilikuwa dogo. Mara ndugu yangu mmoja, ambaye hakuwahi kusoma kitabu kile wala kuchora hata kikombe, alisema jahazi ligeuzwe litazame kulia. Binti alitii. Alinieleza kwa upole kwamba rangi za kioo cha kompyuta hutokana na mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, bali rangi za mpiga chapa hutokana na wino wa namna nne. Kwa hiyo buluu inayometameta kiooni huweza kufifia karatasini. Alinieleza kuwa picha sharti izidi ukingo wa jalada kwa milimita 3, ili kisu cha kukatia karatasi kisiache mstari mweupe, na kuwa unene wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Nilimsikiliza, nikakubali, kisha nikaongeza kurasa 24 baada ya yeye kumaliza, akalazimika kuupima na kuupanga mgongo upya.

Kitabu kilipotoka nilimtumia kwa simu shilingi 50,000, nikaandika, "Ya vocha, mwanangu." Alijibu, "Ahsante sana, Mwalimu. Mungu akubariki." Nililala usingizi mwema usiku ule, nikijihesabu kuwa mkarimu. Mwaka uliofuata mwenzangu mmoja aliipenda picha ya jahazi, nikampa aitie katika bango la mkutano wetu. Sikumwomba ruhusa aliyeichora; sikujua hata kuwa kulikuwa na ruhusa ya kuombwa.

Mwaka 2024 nilikuwa na kitabu cha pili. Nikampigia tena kwa maneno yale yale. Safari hii alinijibu kwa heshima ile ile, kisha akanitumia karatasi. Iliandikwa kwamba bei ya jalada ni shilingi 360,000; nusu italipwa kuwa arubuni kabla ya kazi kuanza; masahihisho mara mbili yamo ndani ya bei, na yatakayozidi yatalipiwa kwa saa; salio litalipwa katika siku 14 tangu kupokea ankara; na picha itatumika kwa jalada la kitabu kile tu, na matumizi mengine yatapatanwa upya.

Niliudhika. Niliona kuwa mwanafunzi wangu amenigeuza mteja. Nilimwonyesha mke wangu karatasi ile, nikitaraji aungane nami. Aliisoma hadi mwisho, akaniuliza, "Baba Asha, kile chuo ulichofundisha masomo ya jioni, wamekulipa?"

Swali lile lilinichoma. Nilikuwa nimefundisha saa 40 katika chuo ambacho sitakitaja, na mwezi ule ulikuwa wa nane nikingoja ujira wangu. Kila nilipokwenda kwa mhasibu niliambiwa, "Mwalimu, vuta subira, tunashughulikia." Nyumbani nililalamika hata watoto wakaikariri hotuba yangu juu ya haki ya mfanyakazi. Pwani tumelelewa kwa mafunzo kwamba mtoa jasho alipwe kabla jasho lake halijakauka. Nililijua fundisho hilo barabara pale jasho lilipokuwa langu.

Siku ya Jumamosi nilikwenda Sinza. Binti alinikaribisha, akanipa kiti kimoja kilichokuwapo, yeye akaketi kitandani. Nilimwomba anieleze bei yake ilivyopatikana, si kwa kushindana naye, bali kwa kujifunza. Alifungua daftari. Kila mwezi huweka shilingi 50,000 kwa ajili ya kompyuta, kwa kuwa aliinunua kwa 2,400,000 na hutaraji idumu miaka minne. Programu za kuchorea humgharimu 70,000, intaneti 60,000, umeme 40,000, kodi ya chumba 200,000. Chakula, nauli na mahitaji mengine 480,000. Bima na akiba ya maradhi 100,000. Kodi na ada za serikali hutenga 56,000. Jumla yake ni shilingi 1,056,000. Mwezi una siku 22 za kazi, na kila siku saa 8, yaani saa 176. Lakini nusu ya saa hizo hazilipwi na mtu yeyote: ni saa za kutafuta wateja, kuandika makadirio ya bei, kwenda kwa wapiga chapa na kudai madeni. Zinabaki saa 88, na kila moja sharti ilete shilingi 12,000, ili mwezi umalizike bila deni na bila faida. Jalada lililofanywa vizuri huchukua saa 30. Ndiyo 360,000.

Akaongeza jambo ambalo waajiriwa wengi tunalisahau. Anapofanyia kazi shirika au ofisi, mlipaji hukata asilimia 5 ya ujira na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kwa kazi kama yangu hukatwa shilingi 18,000, akapokea 342,000. Makato hayo si hasara kama akipewa hati yake, kwa maana huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka. Lakini hati yenyewe aghalabu hudaiwa kwa miguu mingi kuliko fedha.

Nilimwuliza kazi yangu ya mwaka 2021 imeandikwa wapi. Alisita, kisha akafunua ukurasa. Ilikuwamo katika safu ya hasara. Nikasema, kwa haya, "Kumbe ulinifanyia bure." Akanijibu, "Mwalimu, hakuna kazi ya bure. Ipo kazi inayolipwa na mtu mwingine. Ile yako aliilipa dada yangu, kwani ndiye aliyenikopesha kodi ya chumba mwezi ule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mwalimu? Barua yangu ya kuombea kazi uliitia saini wewe."

Sikuwa na jibu, wala leo sina. Tumezoea kusema kuwa wachoraji wetu hawajui biashara, na ni kweli kwamba wengi huona haya kutaja bei. Lakini haya hiyo nani aliwafundisha? Heshima tunayoidai kwa walio chini yetu huwafumba midomo, kisha ukimya wao tukauita ridhaa. Mdogo hawezi kwa urahisi kumtajia mkubwa bei. Basi mkubwa ndiye awajibikaye kuiuliza kwanza.

Nilipokuwa nikirudi nilikumbuka kisa kilichotokea Portland, Marekani, mwaka 1971. Phil Knight, aliyekuwa amefundisha uhasibu katika chuo kikuu cha mji ule, alihitaji alama ya viatu vya kampuni yake. Alimpa kazi hiyo mwanafunzi wa usanifu aitwaye Carolyn Davidson, aliyekuwa akimfanyia kazi kwa dola 2 kwa saa. Kwa alama ile alilipwa dola 35. Leo alama ya Nike hujulikana hata na mtoto asiyejua kusoma. Mwaka 1983 kampuni ilimkaribisha, ikampa pete ya dhahabu yenye almasi na hisa zake. Watu hukisimulia kisa hiki ili kusifu ile pete. Mimi napenda kutazama pia ile dola 35: ilikuwa ndogo, lakini bei ya saa yake ilijulikana, na mwenye kazi aliidai kwa jina lake. Kampuni ilipotaka kurekebisha hesabu baada ya miaka 12, hesabu ilikuwapo ya kurekebishwa. Vocha yangu haikuwa hata hesabu.

Juu ya picha ya jahazi nilikwenda kuisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ilinipasa kuisoma zamani, mimi nidaiye haki ya maandishi yangu kila yanapotolewa nakala. Sheria ile hulinda mchoro kama inavyolinda insha. Ulinzi huanza kazi inapoumbwa, bila kungoja kuandikishwa, nao hudumu maisha yote ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi aliyenunua jalada hajanunua mkono uliolichora, na mipaka ya matumizi yake huonekana katika mapatano. Mimi sikuwa na mapatano. Nilikuwa na tabasamu tu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nilimpelekea shilingi 310,000 zilizobaki za jalada la kwanza. Za bango nilimwomba ataje mwenyewe, akataja 60,000, nikalipa. Hakukataa, nami nashukuru hakukataa, kwa maana angekataa ningebaki na sadaka yake juu ya deni langu. Alihesabu, akaandika risiti, akatia tarehe. Kisha akaniambia kuwa jalada la kitabu cha pili hataweza kulifanya: nilipokuwa nimenuna wiki tatu bila kujibu karatasi yake, alipokea kazi nyingine iliyokwisha lipiwa arubuni. Akanielekeza kwa msanifu mwenzake. Huyo alinitajia bei yake, nikailipa kwa wakati. Jalada lake ni zuri, walakini msanifu huyo hakukisoma kitabu, na hilo huonekana.

Enyi wanafunzi ambao kesho mtaishi kwa kalamu, brashi au kompyuta, tajeni bei kabla ya kazi, na mwandike mliyopatana hata kama mwenzenu ni mjomba. Nasi tuliotangulia, tunaowapenda kwa maneno, tuwaulize, "Kazi hii ni shilingi ngapi?" Swali hilo halivunji heshima. Mwalimu na mwanafunzi wanaoweza kuulizana bei, wakaandikiana na kulipana, bado wanaweza kuamkiana kesho yake. Binti yule huniamkia hata leo. Lakini siku zile nilizomdai kazi bila ujira alikuwa akiniamkia huku akiniogopa, nami nilidhani ananiheshimu.